Umsomeshe mwanao nyumbani au umpeleke shule? Pima hivi kabla hujaamua

Kila Januari hapa Kigoma wazazi wananiuliza swali lilelile, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, kwamba hivi na sisi hatuwezi kufundisha watoto wetu nyumbani kama wazungu wanavyofanya? Na mara nyingi swali linakuja na hasira juu yake, kayumba, yaani shule ya serikali, imejaa, inglishi midiamu ada imepanda, mwalimu kamchapa mtoto, au mtoto yuko la tatu na kusoma bado kunampiga chenga. Mimi nimefundisha shule ya msingi kabla sijaacha, siku hizi nina watoto wa tuisheni hapa mtaani kwetu Katubuka, kwa hiyo pande zote mbili nimezionja.

Kitu kimoja nakiomba toka mwanzo. Watu wanachukua shule mbovu waliyoiona kwa macho yao, alafu wanailinganisha na nyumba nzuri iliyoko kichwani tu, nyumba ambayo mama ana nafasi, baba katulia, umeme upo na mtoto kakaa mezani anaandika. Hiyo sio haki. Linganisha hiyo shule na nyumba yako ilivyo siku ya Jumatano saa tatu asubuhi, maharage yako jikoni, mdogo wake analia, na jirani kagonga anataka nusu kilo ya unga kwa mkopo. Ukipima hivyo majibu yanabadilika, wapo watakaoona bado nyumbani panalipa, na wengi wataona hapalipi.

Anza na sababu yako

Andika kwenye karatasi kwanini unataka kumtoa au kutompeleka. Ukishaandika, kila sababu iulize, je akikaa nyumbani hii shida inaisha, au inahamia tu chumba kingine?

Ada kwa mfano. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazina ada kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Michango ya chakula ipo, sare unanunua, lakini ada hamna. Sasa kama kinachokubana ni ada ya inglishi midiamu, kituo cha kwanza ni kayumba, sio sebuleni kwako. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, wauza dagaa wa Kibirizi waliishiwa kabisa, na kuna wazazi nawajua walihamisha watoto wakaenda kayumba, aibu ilikuwa ya wiki moja basi, baadae watoto wenyewe walikuwa wameshapata marafiki.

Viboko nalo ni jambo ambalo wazazi wengi wanahamisha mtoto kabla hawajauliza kanuni inasemaje. Kwa kanuni za serikali anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, na vinaandikwa kwenye kitabu. Sio kila mwalimu anayeshika fimbo kwenye korido. Nenda kwa mwalimu mkuu, ongea naye kwa adabu lakini ongea, omba uone kitabu cha adhabu. Ukiona hueleweki panda kwa afisa elimu kata. Hiyo safari ya asubuhi moja inaweza kukuokoa na mzigo wa miaka saba.

Umbali na giza, hapa nawaelewa sana. Watu wa Dar hawawezi kulijua hili, huku magharibi jua linachelewa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kigoma bado ni giza na mtoto wa miaka saba yuko barabarani na ndoo yake ya maji na fagio. Kama shule iko mbali na njia ina vichaka au bodaboda zinazokimbia, hiyo ni sababu ya kweli. Lakini hata hapo tafuta kwanza nyumba tatu nne za jirani mtu mmoja awasindikize kwa zamu, au ongea na shule mtoto mdogo aruhusiwe kuchelewa namba.

Sababu ambayo mimi naipa uzito kuliko zote ni mtoto ambaye darasa halimbebi. Mwenye selimundu ambaye kila mwezi analazwa, mwenye kigugumizi anayechekwa mpaka kanyamaza kabisa, mtoto mzito kuelewa aliyekaa dawati la nyuma. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na wote tunajua kuna madarasa ambayo namba hiyo ni ndoto. Mtoto wa namna hii akipata mtu wa kukaa naye peke yake hata masaa mawili kwa siku anabadilika mbele ya macho yako. Kama ana ulemavu, ulizia kwanza shule yenye kitengo cha elimu maalumu, mana walimu wa huko wamesomea mambo ambayo wewe na mimi hatuna.

Sheria na mitihani, usiruke hapa

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inasema mtoto akifikisha miaka saba lazima aandikishwe elimu ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na mzazi asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo hizi habari za kwenye mtandao za Marekani ambako kila jimbo linaruhusu kusomeshea nyumbani, au Uingereza ambako sheria inamwachia mzazi achague shule au njia nyingine, usizibebe zikakupeleka kwa mtendaji wa mtaa ukajitetea nazo. Na sio wazungu wote, Ujerumani kumweka mtoto nyumbani bila shule karibu haiwezekani kabisa. Kila nchi na yake.

Alafu kuna ngazi ya mitihani. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, mwisho wa msingi kuna mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na mtoto anasajiliwa kupitia shule iliyosajiliwa, ana namba yake ya PREM inayomfuata hata akihama. Mtoto aliyekaa nyumbani bila jina lake kuwepo shule yoyote, siku ya mtihani hayupo popote. Kuna mtu atakwambia atafanya QT. QT ipo kweli, ndo mlango wa kuingia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini imewekwa kwa waliokosa sekondari ya kawaida, ni mlango wa dharura, usimpangie mtoto wa miaka sita apitie huko wakati mlango mkubwa uko wazi.

Tena saizi mambo yanabadilika. Mtaala mpya umeanza 2024, msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, na kwa mpango uliopo mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja. Ukiwa nyumbani na vitabu vya kaka yake aliyemaliza zamani unaweza kumfundisha kitu ambacho hakimo tena. Vitabu vipya viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinasomwa bure, simu ya tachi na bando vinatosha.

Wanaotaka mtaala wa nje, Cambridge na mfano wa hiyo, swali la kwanza lisiwe vitabu, liwe kituo cha mtihani kinachopokea mtoto asiye wa shule yao kiko wapi. Ukiambiwa kiko Dar, piga hesabu ya nauli, mahali pa kulala na ada ya mtihani, alafu ndo uendelee na ndoto.

Nani atakaa naye?

Hapa ndo penyewe. Nimeona mipango mizuri imekufa mana hakuna aliyejibu hili kwa jina la mtu. Sio "tutasaidiana". Nani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na akiumwa nani anashika?

Habari njema ni kwamba masaa sio mengi. Darasani muda mwingi unaliwa na kuita majina, kufagia, kusubiri wenzake wamalize kunakili ubaoni. Mtoto wa la kwanza au la pili akiwa peke yake na mtu mzima anayejua anachofanya, masaa mawili na nusu mpaka matatu kwa siku yanatosha kabisa. Habari mbaya ni kwamba hayo masaa yanatakiwa kila siku, na yawe ya asubuhi kichwa kikiwa kimetulia, na wewe simu iko mbali.

Sasa piga hesabu yake kwa pesa. Tuseme una genge, faida yako elfu nane kwa siku, ukifunga asubuhi zote ukapoteza nusu, ni elfu nne, kwa siku 20 za shule ni elfu themanini kwa mwezi. Hiyo ndo ada yako ya nyumbani hata kama hakuna risiti. Weka na bando, madaftari, kalamu, na chakula cha mchana ambacho sasa anakula kwako. Wengine wakifika hapa wanagundua inglishi midiamu haikuwa ghali kiasi walichodhani, na wengine wanagundua mama wa hapo nyumbani hana shughuli ya asubuhi na amesoma mpaka kidato cha nne na anapenda kufundisha, huyo ana mtaji mkubwa mkononi.

Na elimu yako wewe je? KKK, yaani kusoma kuandika na kuhesabu, mtu yeyote mwenye subira aliyemaliza la saba vizuri anaweza. Kuanzia la tano, sehemu za hesabu, sayansi, kiingereza, hapo subira peke yake haitoshi. Mtihani mdogo, chukua kitabu cha hesabu cha la tano, fungua katikati, fanya maswali matano bila kuchungulia majibu. Usinionyeshe mimi, jionyeshe mwenyewe.

Jaribu kwenye likizo

Hakuna sababu ya kubahatisha, likizo ya Juni ipo. Chukua wiki mbili fundisha kila siku kama vile ndo shule, saa mbili mpaka saa tano, na ukutani bandika karatasi, kila siku uliyofundisha kweli weka tiki, uliyokosa andika kilichotokea. Sio kwamba "leo hatukusoma", andika mgeni, msiba, umeme, nilichoka, soko. Mwisho wa wiki ya pili hiyo karatasi itakwambia ukweli kuliko mimi. Zikizidi siku tatu za kukosa kwenye kumi, na hapo likizo ulikuwa na ari, basi Oktoba hali itakuwaje?

Waliokuwa na watoto wakati wa korona wameshafanya hili jaribio bila kupenda, shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 na za msingi hazikufunguliwa mpaka 29 Juni. Kumbuka nyumba yako ilikuwaje miezi ile. Kuna nyumba mtoto alirudi anasoma vizuri kuliko alivyoondoka, na kuna nyumba alirudi kasahau mpaka herufi.

Kwenye hizo wiki mbili usifanye vitabu tu. Mama mmoja wa Gungu anauza mawese, akakaa na kijana wake wa miaka tisa na dumu la lita 20, akamuuliza chupa za lita moja na nusu zitatoka ngapi. Mtoto akasema 14. Hakumbishia, akampa chupa na dumu la maji akapime mwenyewe uani, zikatoka chupa 13, nusu lita ikabaki. Haya, dumu tumenunua elfu sitini, chupa tunauza elfu tano, tumepata nini? Akakaa akapiga, 65,000, faida elfu tano. Alafu akatulia akauliza, mama, na chupa tupu tunanunua shilingi ngapi? Mia mbili mbili. Akatoa 2,600, faida ikabaki 2,400. Yule mama ananisimulia anacheka, anasema yeye mwenyewe hizo chupa alikuwa hazihesabu.

Hiyo ndo nguvu ya nyumbani, muda wa mtoto kukosea na kupima na kuuliza swali ambalo halimo kitabuni. Lakini nilimwomba anionyeshe daftari, na kijana huyohuyo hesabu ile hakuweza kuiandika hatua kwa hatua, alikuwa na jibu tu katikati ya ukurasa. Kwenye mtihani kuna maswali yanayotaka njia. Kwa hiyo ukifundisha kwa vitendo, kila siku lazima kuwe na kitu kimoja kimeandikwa kwa mpangilio.

Unachopata, unachopoteza

Unachopata nimeshagusa, kasi ya mtoto mwenyewe, utulivu, na lugha. Hii ya lugha huku kwetu ni kubwa, vijijini Kasulu, Buhigwe, mtoto anaongea Kiha nyumbani alafu siku ya kwanza shule anakutana na Kiswahili kitupu, mzazi anayeweza kumvusha taratibu kabla hajaanza shule anamfanyia jambo la maana sana kuliko begi jipya.

Unachopoteza, wengi wanataja marafiki, sawa, lakini watoto wa Kigoma marafiki wapo mtaani na ziwani wamejaa, madrasa wapo, kwaya wapo. Mimi naogopa kingine. Mtoto wa kike akibaki nyumbani asubuhi, hata mama mwenye nia nzuri ataanza na "hebu nishikie mtoto dakika moja", kesho "kachote maji kwanza", na mwezi wa tatu una dada wa kazi ambaye zamani alikuwa mwanafunzi. Wa kiume ataenda kuanua dagaa au ataitwa kwenye mtumbwi na wajomba, na akishaonja pesa ya kwanza kumrudisha kwenye daftari ni vita. Shule pamoja na ubovu wake ina ukuta na kengele, na ule ukuta unamkinga mtoto na kazi zenu. Kama hamuwezi kujenga ukuta huo nyumbani, yaani ndugu wote wajue saa mbili mpaka saa tano mtoto haguswi, basi msianze.

Na ndugu nao ni mtihani. Bibi atauliza huyu mbona haendi shule, kafukuzwa? Shangazi atasema mnamharibu. Kama baba na mama hamjakubaliana wote wawili, hayo maneno yatapita kwenye ufa wenu.

Kuna wanaoleta hoja ya Mwalimu Nyerere, kwamba alianza shule ya Mwisenge ana miaka 12 na bado akafika Tabora School na kuendelea. Ni kweli alianza 1934, lakini zama zile hakuna sheria iliyomtaka aanze na saba, na akishaanza alikaa bweni. Na hata hapa Gombe, mtoto wa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, aliyekulia porini na mama msomi kabisa, alifundishwa huko kwa masomo ya posta, baadae akapelekwa kwa bibi yake Uingereza aende shule kama wenzake.

Njia ya katikati

Kwa wazazi wengi wanaonijia ninawaambia hivi. Kabla ya miaka saba, fanya nyumbani kwa nguvu zote, herufi, hadithi, kuhesabu, Akili and Me au Ubongo Kids kwenye tv kama umeme upo. Akifika saba mwandikishe kayumba iliyo karibu, na ule muda na ari uliyotaka kuitumia kumfundisha nyumbani, itumie kwa muda wa saa moja na nusu kila jioni na Jumamosi asubuhi. Jina lake lipo, namba ipo, mtihani upo, na kujua kusoma anajulia kwako. Hii haina jina zuri la kizungu lakini ndo nimeiona ikifanya kazi.

Tahadhari moja, mkiungana nyumba kadhaa mkaajiri mwalimu mmoja awafundishe watoto kumi na tano sebuleni kila asubuhi, mmeshaanzisha shule, na shule inatakiwa isajiliwe. Tuisheni ya jioni ya watoto walioandikishwa ni jambo jingine.

Mtoto mgonjwa wa muda mrefu, kaongee na mwalimu mkuu kwa barua na cheti cha hospitali, abaki na jina shuleni, mwalimu wa darasa akupe azimio la kazi ujue wenzake wako wapi, na aende kufanya mitihani ya mwisho wa muhula akiwa na nguvu. Walimu wengi wanakubali ukienda mapema, ukienda baada ya miezi mitatu ya utoro unakuta jina lake limeshapelekwa kwa mtendaji.

Ukishaamua

Upande wowote utakaochukua, weka daftari moja kubwa la kumbukumbu, tarehe, somo, ukurasa, na alipokosea. Kila mwisho wa mwezi msomeshe kwa sauti ukurasa ambao hajawahi kuuona. Angalia kidole, kama bado anasukuma silabi moja moja mwezi wa nne mfululizo, njia unayotumia haifanyi kazi, badili njia au badili mtu. Mwandikie imla ya maneno kumi, mpe hesabu za kichwa tano, weka tarehe, hifadhi karatasi.

Na mpange mapema kabisa, mkiwa hamjagombana, ni kitu gani kikitokea mtoto anarudi shule. Kiandikwe. Kwa mfano, akifika Juni hajaweza kusoma aya na kuielezea kwa maneno yake, anarudi. Mama akipata kazi au mimba, anarudi. Mtoto mwenyewe akiomba mara mbili mara tatu kwenda na wenzake, anarudi, na hakuna wa kumwambia mwenzie nilikwambia. Siku ya kumrudisha nenda na lile daftari na cheti cha kuzaliwa, muone mwalimu wa taaluma kabla ya mwalimu wa darasa, mana yeye ndo atampima na kusema aingie darasa gani, na nenda mwanzo wa muhula, ukienda katikati utaambiwa subiri.